Tana River: Historia Inayosomwa Mtoni

Wapenzi wa fasihi wengi tunamjua Fumo Liyongo kupitia utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijuma mwaka 1913. Lakini uliza nchi ya shujaa huyo ni wapi, utaambiwa Lamu au Pate. Simulizi zinamweka Shaka na Ozi, pande za Kipini, Mto Tana unapoingia baharini. Leo hapo ni Kaunti ya Tana River.

Na hata huo mlango wa mto una kisa chake. Zamani Tana ulimwaga maji yake kusini zaidi. Katika karne ya 19 watawala wa Witu walichimba mfereji wa Belezoni, wauunganishe mto na Ozi ili mitumbwi ipite. Basi maji yakaifuata njia hiyo mpya, na mto mzima ukahamia Kipini.

Panda juu mpaka Hola, makao makuu ya kaunti. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau waliuawa hapa kwa kipigo cha walinzi. Kosa lao? Kukataa kazi ya lazima kwenye mradi wa umwagiliaji. Tena ni habari ya maji na mifereji.

Kingo za mto wamekaa Wapokomo, wakulima wa mpunga, ndizi na maembe, waliozoea kupanda kwa kufuata mafuriko. Nyikani wako Waorma na ng'ombe wao. Kiangazi kikikaza, wafugaji hushuka mtoni kwa njia ziitwazo malka. Malka ikizibwa na shamba, mifugo inakufa. Ng'ombe wakiingia shambani, mwaka wa mkulima umekwisha. Kwa miaka mingi watu hawa walipatana, ingawa ugomvi haukukosa.

Huko juu, mbali na macho yao, yakajengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Masinga mwaka 1981, na mengine. Mafuriko yaliyorutubisha mashamba yakapungua. Mwaka 2012 watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya delta, na wengi wetu tukasema ni ukabila tu, tukafunga gazeti.

Ukabila ulikuwepo, tusidanganyane. Lakini anayetaka amani Tana River aanze na swali dogo: malka iko wapi, na nani ameifunga? Taa zetu mjini zinawaka kwa maji ya mto huu. Basi swali hilo ni letu pia.