Njeo ya Masimulizi: Historia Fupi ya -li-, -ka- na -na-, na Swali Kutoka Koboko

Swali la makala haya lilizuka darasani. Mwanafunzi mmoja wa Koboko aliandika hadithi fupi kuhusu nyanya yake, aliyekimbia vita mwaka 1979. Hadithi nzima ilikuwa katika wakati uliopo: nyanya anafunga mzigo, anambeba mtoto mgongoni, anavuka mpaka. Nilichukua kalamu nyekundu nikageuza kila -na- kuwa -li-. Nilipomrudishia kazi yake aliisoma, kisha akaniambia kwa adabu: "Mwalimu, nyanya akisimulia, hasemi kama mambo yaliyokwisha." Nilikosa jibu. Ndipo nikaona ni vyema nilitafute katika historia ya nathari yetu.

Tuanze na masimulizi ya mdomo. Fanani akisema "Paukwa!" hadhira humjibu "Pakawa!", na ndani ya jibu hilo tayari mna -ka-. Ngano ambazo mmisionari Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870 zinaonyesha utaratibu huo kwa maandishi. Msimulizi hufungua kwa "palikuwa" au kwa kitenzi chenye -li-, kisha -ka- huyachukua matukio moja baada ya jingine: akaenda, akaona, akarudi. Kazi ya -li- ni kupigilia kigingi cha wakati. Kazi ya -ka- ni kutembea. Kwa hiyo anayeuliza kama hadithi iandikwe kwa wakati uliopo au uliopita amekwisha kuipunguza lugha yetu. Kiswahili hakina milango miwili tu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 tunapata mifano miwili iliyo mizuri kulinganishwa. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe, na habari hizo zikachapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Ni masimulizi ya safari, na -ka- imejaa tele. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo naye, katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903, alikuwa na haja tofauti. Alieleza mambo ambayo watu hufanya wakati wa arusi, wa msiba au wa kilimo, na hapo hu- ya mazoea ina nafasi kubwa. Waandishi hao waliishi zama moja, lakini kila mmoja alichagua njeo kwa kuangalia jambo alilotaka kulieleza.

Riwaya zilipokuja zilishika njia ya wakati uliopita. Ndivyo ilivyo katika Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934), Kusadikika cha Shaaban Robert (1951), na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla (1960). Shule nazo zikafundisha insha za masimulizi kwa mtindo huo. Baadaye waandishi kadhaa walijaribu kusimulia kwa -na-, lakini darasani mazoea hayakubadilika sana. Kalamu yangu nyekundu ilitoka huko.

Hata hivyo, tamthilia ilikuwa na desturi nyingine. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile (1969), alirejea Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Lakini jukwaani hakuna "aliingia". Mhusika anaingia, anasema, anatoka. Mambo yaliyopita zaidi ya miaka 60 kabla yake yakawa yanatendeka mbele ya macho ya watu. Hakuna aliyemwambia mwandishi kwamba amekosea njeo.

Sasa turudi Koboko. Wilaya hii iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005 inapakana na Kongo na Sudan Kusini. Kiswahili kiliingia West Nile kwa njia mbili kubwa: biashara na majirani wa Kongo, na jeshi. Vijana wengi wa huko waliandikishwa katika King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na ya amri. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Kampala ilipotekwa Aprili 1979, na majeshi ya Tanzania yalipofika West Nile baadaye, maelfu ya watu walikimbilia Zaire na Sudan. Wengi walirudi katikati ya miaka ya 1980.

Je, yamekwisha? Wapo waliokimbia kwa barabara ya Oraba na Kaya kuelekea Yei. Mwaka 2016 vita vilipowaka Yei, watu wa huko walipita barabara hiyohiyo kuja Koboko. Nyanya aliyekuwa mkimbizi akawa mwenyeji wa wakimbizi. Kwake yeye -li- tupu inaweza kuwa kama kufunga mlango ambao bado watu wanaupitia.

Tukumbuke pia kwamba wanafunzi wetu wanakuja na hazina ya lugha zao. Katika Kilugbara, kwa mfano, tendo lililokamilika huweka kitenzi kabla ya yambwa, na tendo lisilokamilika huweka yambwa kabla ya kitenzi. Mpangilio wa sentensi hubadilika kufuatana na kama jambo limekamilika au la. Mtu aliyelelewa katika lugha kama hiyo haulizi tu "lini?", bali pia "limekwisha?" Kiswahili nacho kinaweza kuuliza hivyo, kwa kutumia -me-, -na- na "bado".

Hata hivyo, sikumwachia mwanafunzi hadithi yake kama ilivyokuwa. Wakati uliopo ukitumika mwanzo hadi mwisho huchosha, na nguvu yake hupotea, kwa kuwa msomaji hana "jana" ya kuipima "leo". Tulikaa tukaijenga upya: "Tulivuka mpaka usiku. Mama akabeba unga, akaacha mlango wazi. Nimezeeka sasa, na bado nauona ule mlango." Kigingi ni -li-, mwendo ni -ka-, jeraha limebaki katika -me- na katika wakati uliopo. Tulipomaliza alisema kwamba sasa ndivyo nyanya anavyosema hasa.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tusisahihishe njeo kwa kuhesabu miaka. Kabla ya kushika kalamu nyekundu tumuulize mwandishi maswali mawili. La kwanza: nani anasimulia, naye amesimama wapi? La pili: kwake yeye jambo hili limekwisha? Akiwa na majibu, njeo atazipata, na kazi yetu itakuwa kuangalia kama amezishika kwa uthabiti. Asipokuwa na majibu, kumbadilishia viambishi hakutamsaidia.

Hadithi ile niliipa alama upya. Kalamu nyekundu ninayo bado, ila siku hizi natanguliza swali.