Prairie View A&M: Timu Iliyofungwa Mara 80 Mfululizo

Mwaka 1991 timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Prairie View A&M, Texas, ilicheza mechi 11 na kupoteza zote. Msimu mzima iliambulia pointi 48, ikafungwa 617. Timu ya chuo cha Alabama State peke yake iliwashindilia 92 kwa 0. Mchezo huu una pointi nyingi, ni kweli, kwani kuvuka mstari wa mwisho na mpira mara moja tu ni pointi sita. Hata hivyo, 92 ni kipigo cha kutisha.

Na hii haikuwa timu ya mchangani. Chuo kilianzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya vijana Weusi, kaskazini-magharibi ya Houston, kwenye ardhi ya Alta Vista, shamba lililokuwa likilimwa na watumwa. Kocha Billy Nicks aliwapa Panthers, kama timu inavyoitwa, ubingwa wa kitaifa wa vyuo vya Weusi mara tano kati ya 1953 na 1964. Ken Houston, beki aliyeingizwa baadaye katika Ukumbi wa Heshima wa futiboli ya kulipwa, alitokea hapo. Otis Taylor, aliyetwaa taji la Super Bowl na Kansas City Chiefs Januari 1970, naye alitokea hapo.

Kilichowaangusha Panthers kilianza na jambo jema. Enzi za Nicks, vyuo vikubwa vya Wazungu vya Kusini havikutaka mchezaji Mweusi, kwa hiyo vijana wenye vipaji walikwenda Prairie View, Grambling na wenzao. Ubaguzi ulipolegea kuelekea miaka ya 1970, vyuo vile vile, vikiwa na viwanja vikubwa na mifuko minono, viliwazoa vijana hao. Hakuna wa kuwalaumu kwa kwenda. Lakini Prairie View ilibaki na jina tu. Oktoba 1985, kocha Eddie Robinson wa Grambling alipopata ushindi wake wa 324 na kumpita kocha Bear Bryant kwa idadi ya ushindi, aliyefungwa siku hiyo mjini Dallas alikuwa Prairie View.

Kisha zikaja shida za fedha katika idara ya michezo, na msimu wa 1990 ukafutwa. Timu iliporudi mwaka uliofuata, ufadhili wa masomo kwa wachezaji haukuwepo. Kijana alijitafutia ada, akavaa kofia ngumu, akaenda kugongana na wenzake waliosomeshwa kwa ajili ya mchezo huo huo. Matokeo hayakuhitaji mganga wa kuyatabiri. Mfululizo wa vipigo ulioanza Novemba 1989 uliipita rekodi ya chuo cha Columbia cha New York, kilichopoteza mechi 44 mfululizo kati ya 1983 na 1988, na ukazidi kwenda.

Mashabiki hawakukauka uwanjani, na sifa kubwa ni ya bendi ya chuo, Marching Storm. Wapo waliokuja kwa ajili ya mapumziko tu, matarumbeta yalie, ngoma zirindime, halafu mpira uendelee kama unavyotaka. Ajabu ni kwamba Septemba 1998 bendi hiyo ilizichapa na ya chuo cha Southern wakati wa mapumziko, na zote mbili zikafungiwa mechi mbili.

Wiki moja baadaye, tarehe 26 Septemba, mjini Oklahoma City, Panthers waliifunga timu ya chuo cha Langston 14 kwa 12. Zilikuwa zimeshapita mechi 80. Ushindi ukapatikana, na bendi haikuwepo kuupigia.

Mambo hayakunyooka mara moja. Ilibidi kusubiri hadi 2007, chini ya kocha Henry Frazier III, timu imalize msimu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo, mara ya kwanza tangu 1976. Desemba 2009, mjini Birmingham, waliifunga Alabama A&M 30 kwa 24 na kutwaa ubingwa wa ligi yao, SWAC, ambao chuo kilikuwa hakijauona tangu enzi za Nicks.