Kiinitete cha maabara: kwa nini madume huwa wengi?



Kila mwenye ng'ombe wa maziwa anataka mtamba. Kwa hiyo ukiuziwa kiinitete cha maabara, jua kwanza historia yake, maana pesa yako imo humo.

Mwaka 1951, wataalamu wa Wisconsin, Marekani, walitangaza ndama wa kwanza aliyepatikana kwa kuhamisha kiinitete kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Kiinitete kile kilianzia tumboni. Mwaka 1981 huko Pennsylvania, Benjamin Brackett na wenzake walimpata Virgil, ndama wa kwanza ambaye yai lake lilirutubishwa nje ya mwili.

Kazi ikawa kukilea. Kiinitete cha ng'ombe nje ya mwili kilikuwa kikifika seli 8 hadi 16 kinakwama. Wengine wakavihifadhi kwa siku kadhaa kwenye mirija ya uzazi ya kondoo au sungura, kisha wakavitoa. Baadaye wakavilea maabara pamoja na seli za mirija hiyo, au katika maji yenye seramu ya damu. Vilikua, lakini miaka ya 1990 lilionekana tatizo: baadhi ya ndama walizaliwa wakubwa kupita kiasi, na ng'ombe wakapata shida ya kuzaa. Ndiyo maana maabara nyingi zilipunguza au kuacha seramu, zikatumia maji yaliyotengenezwa kwa mfano wa maji ya mirija ya kondoo, yaliyobuniwa mwaka 1972, na hewa yenye oksijeni asilimia 5 badala ya takriban 21 ya kawaida.

Miaka hiyohiyo ya 1990 ikagundulika kwamba madume hukua haraka zaidi maabara. Mtaalamu akichagua viinitete vilivyotangulia, anachukua madume wengi bila kujua. Sukari aina ya glukosi ikizidi, majike huumia zaidi. Jike ana kromosomu X mbili, na siku za mwanzo zote mbili hufanya kazi, hivyo namna anavyotumia sukari hutofautiana na ya dume.

Usielewe vibaya. Maji ya maabara hayageuzi dume kuwa jike. Jinsia huamuliwa na mbegu ya dume siku ya kurutubisha. Ni kama kitalu: hakigeuzi mchicha kuwa kabichi, huamua tu miche ipi itafika shambani.

Njia ya uhakika zaidi ni mbegu zilizochambuliwa jinsia. Lawrence Johnson wa Beltsville, Marekani, alitumia ukweli kwamba mbegu ya X ya ng'ombe ina vinasaba zaidi kwa karibu asilimia 4, akazitenganisha kwa mashine. Leo majike hupatikana kama 90 kati ya 100. Si wote.

Basi kabla hujalipa, uliza:

1. Kiinitete kimetokana na mbegu zilizochambuliwa, au jinsia yake imepimwa? Kama hapana, tarajia madume wengi kidogo.
2. Kimelelewa kwa seramu?
3. Ng'ombe atakayekibeba ana mwili wa kutosha? Usimpe mtamba mdogo. Andika tarehe ya kupandikiza, na siku za kuzaa zikikaribia mjulishe daktari wa mifugo mapema.

Akijibu "ni jike tu, niamini", rudi nyumbani na pesa yako.