Super Visa (Kanada)

Super Visa ni viza ya Kanada kwa wazazi, babu na bibi wa raia au wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Ilianzishwa Desemba 2011. Mwenye nayo anaweza kuingia mara nyingi kwa muda usiozidi miaka 10. Tangu Julai 2022 anaruhusiwa kukaa hadi miaka 5 kila anapoingia; awali ilikuwa miaka 2.

Masharti
Mwenyeji lazima awe na kipato kilichowekwa kisheria. Mgeni hupimwa afya na kukata bima ya matibabu ya angalau dola 100,000 za Kanada.

Tofauti na ukazi wa kudumu
Mkazi wa kudumu hupata huduma za afya za umma na anaweza kufanya kazi. Hata hivyo nafasi ni chache, na wadhamini wamekuwa wakichaguliwa kwa bahati nasibu. Mdhamini huahidi kumtunza mzazi kwa miaka 20 (Quebec miaka 10). Mkazi pia anatakiwa kuwepo Kanada angalau siku 730 katika kila miaka 5, sharti gumu kwa mzee anayetaka kuishi zaidi nyumbani kwao. Mwenye Super Visa hana sharti hilo, lakini hutegemea bima, ambayo hupanda bei kadiri umri unavyoongezeka.