Kabla ya Nchi, Walimuulizia Mwalimu

Sayyid Ahmad bin Sumait alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861, mwana wa mfanyabiashara wa Kihadhrami. Alisoma kwa baba yake, akavuka hadi Hadhramaut, kusini mwa Uarabuni, kuongeza elimu, kisha akafanywa kadhi Unguja angali kijana wa miaka ishirini na kitu. Ukadhi katika Unguja ya siku zile ulikuwa cheo ambacho wazee wengi walikufa wakikitamani. Naye mwaka 1885 akakiacha, akapanda chombo. Alikwenda Istanbul kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, mwanachuoni aliyekuwa karibu na Sultan Abdulhamid, akapita Misri na Makka, akafika hata Java, ndipo akarudi Unguja mwaka 1888.

Nimefundisha historia Mombasa mpaka nikastaafu, na safari hiyo nilikuwa nikiichora ubaoni kila mwaka. Niliwauliza wanafunzi: huyu bwana alijuaje pa kwenda? Walinijibu kuwa Istanbul ilikuwa na vyuo vikubwa, au Misri ina Al-Azhar. Lakini vyuo na nchi havikumwongoza. Aliyemvuta Istanbul ni mtu, tena mtu aliyejulikana kwa nasaba yake, kwa walimu wake na kwa yale aliyokuwa akiyafundisha.

Ndivyo pwani hii ilivyopeleka watoto wake masomoni kwa miaka mingi. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alipokwenda Hadhramaut miaka ya 1890 alizunguka kutoka kwa mwanachuoni hadi kwa mwanachuoni, na safari ile akaiandikia kitabu. Alichorudi nacho ni ijaza, yaani idhini ya kufundisha, na ijaza haitaji jengo. Hutaja aliyekusomesha, na aliyemsomesha yeye, na wa nyuma yake, mlolongo mzima. Anayeisoma anajua papo hapo elimu yako ina asili gani. Bakathir alifundisha Ukutani, Unguja, na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa hapa kwetu Mombasa alivuka bahari kwenda kukaa mbele yake na mbele ya Ibn Sumait. Kwa hivyo kijana wa Mombasa asiyekuwa na uwezo wa kufika Hadhramaut aliikuta Hadhramaut Ukutani. Natamani vijana wa leo wangelitafakari hilo.

Ukoloni ulileta mtindo mwingine: mwanafunzi hakuchagua, alichaguliwa. Nafasi za serikali zilikuwa chache mno, na zilipitia kwa wamisionari na maafisa elimu. Julius Nyerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949, akitokea Makerere na ualimu, alikwenda kwa ufadhili wa namna hiyo, akarudi 1952 na shahada ya M.A. Waliotaka njia yao wenyewe iliwabidi wawe na mzazi mwenye mali na moyo. Chifu Koinange wa Kiambu alikuwa navyo vyote viwili. Mwaka 1927 mwanawe Mbiyu aliingia Hampton, Virginia, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi waliotoka utumwani, ambako walimu walitayarishwa na kazi za mikono zikafundishwa. Baadaye alisoma Ohio Wesleyan na Columbia. Aliporudi mwaka 1938 hakukaa bure, na mwaka uliofuata chuo cha ualimu cha Githunguri kikafunguliwa naye akiwa mkuu wake. Hampton ilimfaa kwa sababu kwao Kiambu palikuwa na shule za kujitegemea zenye njaa ya walimu. Sijui mfano bora kuliko huo wa kwenda kusoma mahali panapolingana na haja uliyoiacha nyumbani.

Kisha zikaja ndege za Mboya. Septemba 1959 ndege ya kukodi iliwafikisha New York wanafunzi 81. Wengi walikuwa wameandika barua kwa vyuo vingi vya Marekani, wakakubaliwa na wengine wakapewa ufadhili wa masomo, ila nauli hawana. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Kenya, alizunguka Marekani akiomba, na wito wa kuchangisha ukatiwa saini na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka uliofuata familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000. Huku nyumbani wanakijiji waliuza mbuzi na kuandaa chai za mchango ili kijana apate koti na fedha za mfukoni. Serikali ya kikoloni ilizibeza digrii za Marekani, na kubeza huko kulizidi kuwatia watu hamu.

Naziheshimu sana safari zile. Kufikia 1963 zilikuwa zimewavusha vijana karibu 800, na Kenya huru iliendeshwa na wengi wao. Hata hivyo kijana alichagua chuo kwa kuwa ndicho kilichomjibu. Na waliokosa nafasi huko walitazama mashariki. Mwanasiasa Oginga Odinga alikuwa na njia yake, kupitia Uganda na Sudan hadi Cairo, na kutoka hapo Moscow, Prague au Sofia. Moscow ilikuwa imefungua Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa mwaka 1960, na mwaka 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba. Mjomba wangu alipita njia hiyo. Alitaka udaktari, akapangiwa kilimo, na muda wake wa kwanza wote ukaenda kwenye Kirusi. Aliupenda ule udongo mweusi wa kusini mwa Urusi kwa dhati, akausoma vizuri. Aliporudi, ofisi moja ilikiweka cheti chake kando miaka kadhaa kwa kuwa hakuna aliyewajua walimu waliokitia saini.

Wangari Maathai naye alikwenda Marekani kwa mpango ule wa ndege, mwaka 1960, akapelekwa Atchison, mji mdogo wa Kansas, kwenye chuo cha masista wa Kibenedikti. Kanisa lilimpangia. Alisoma biolojia, akapata shahada ya uzamili Pittsburgh, akarudi. Nairobi alipata kazi kwa Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani wa Giessen aliyekuwa akiijenga idara ya anatomia ya mifugo, na ni Hofmann aliyemhimiza kwenda Ujerumani mwaka 1967 kwa utafiti wa uzamifu. Safari hii ya pili alijua anakwenda kufanya nini na nani amemtuma. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kupata shahada hiyo ya uzamifu.

Leo vijana wa mtaa wa Kibokoni wanaokuja kwangu na barua za mawakala wa vyuo vya nje, mmoja Uturuki, mwingine Malaysia, mwingine India, hukasirika kidogo ninapowaambia waiweke barua kando kwanza. Nawaomba waitafute orodha ya wahadhiri wa idara wanayoitaka, wasome walau makala moja ya mmoja wao, kisha wamwandikie. Wengi hawajibiwi. Binti mmoja wa mvuvi, anayetaka kusomea samaki wa matumbawe, alijibiwa mistari minne: njoo, lakini kwanza jifunze takwimu. Barua ya wakala ilikuwa imemwahidi kuanza Septemba. Amesubiri, na sasa anasoma takwimu jioni kwenye chuo cha hapa mjini.