Usingizi kwa Mgonjwa wa Moyo: Misingi kwa Daktari Mwanafunzi

Dawa nyingi za usingizi hushusha shinikizo la damu na kupunguza nguvu ya moyo. Moyo wenye afya huhimili mabadiliko hayo. Wenye vali mbovu huweza kushindwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa fani ya usingizi hujifunza kwanza kuutambua ugonjwa, ndipo achague dawa.

Mfano ni vali ya mitrali, ambayo huweza kuharibiwa na madhara ya mafindofindo yasiyotibiwa utotoni. Ikibana, damu huhitaji muda kupita, hivyo mapigo yasiende mbio. Ikivuja, kanuni hugeuka: mapigo ya taratibu mno huongeza damu inayorudi nyuma.

Katika upasuaji wa kufungua moyo, unaofanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, mashine hushika kazi ya moyo na mapafu. Kabla ya kuunganishwa, mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande. Akishatenganishwa nayo hupewa protamini kuitangua.

Misingi hiyo inahitajika mikoani pia. Mjamzito wa Chanji, Sumbawanga, mwenye vali iliyobana, akihitaji upasuaji wa dharura, hawezi kusubiri safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Ganzi ya mgongoni ikitolewa kwa mkupuo huweza kuporomosha shinikizo lake. Mgonjwa naye amweleze mtoa usingizi mapema akichoka upesi, akibanwa pumzi alalapo, au akitumia dawa za moyo.