Tarehe ya Malipo: Uhakika wa Ruzuku na Ujenzi wa Riziki katika Kaya Maskini za Vijijini

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna ruzuku ya fedha taslimu inavyozisaidia kaya maskini za vijijini kujenga shughuli za kuzipatia riziki. Kwa ushahidi kutoka Tanzania, Kenya, Malawi, Zambia, Ghana na Uganda, yanadai kuwa ruzuku hugeuka mtaji pale tu kaya inapojua fedha itafika lini na kwa muda gani. Kaya yenye uhakika huo huthubutu kuwekeza. Kaya isiyo nao huishia kula na kulipa madeni. Kwa hiyo kuchelewesha malipo ni kuidhoofisha ruzuku katika jambo lililokusudiwa.

Utangulizi

Mjadala kuhusu ruzuku kwa maskini umezunguka kwa muda mrefu maswali mawili: je, maskini apewe fedha au vitu? Na akipewa fedha, atazitumia ipasavyo? Maswali hayo yalikuwa na uzito wakati ushahidi ulipokuwa mchache. Tangu Mexico ilipoanzisha mpango wa Progresa wa kuzipa kaya maskini fedha mwaka 1997, nchi nyingi zimefuata njia hiyo. Kenya ilianza majaribio ya ruzuku kwa kaya zinazolea watoto yatima mwaka 2004. Tanzania, kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ilianza malipo ya majaribio katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino mwaka 2010, kisha ikazindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini mwaka 2012, ambao baadaye ulizifikia kaya zaidi ya milioni moja.

Uzoefu wa miaka yote hiyo unaturuhusu kuuliza swali la ndani zaidi: kwa nini fedha ileile hujenga riziki mahali pamoja, na mahali pengine huishia katika chakula cha juma moja? Nashikilia kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika uhakika wa malipo, na kwamba sera zetu hazijaupa uhakika huo hadhi unayostahili.

Umaskini una misimu

Kaya ya mkulima mdogo haiwi maskini kwa kiwango kimoja mwaka mzima. Baada ya mavuno, ghala huwa na chakula na mkononi huwamo fedha kidogo. Miezi michache kabla ya mavuno yanayofuata, ghala huwa tupu na bei ya mahindi sokoni hupanda. Kipindi hicho cha njaa ndicho pia ambacho shamba linadai palizi na mbolea ya kukuzia. Mwenye shamba asiye na unga ndani hulazimika kwenda kulima kibarua kwa jirani mwenye nafasi ili watoto wale jioni, huku magugu yakilisonga shamba lake mwenyewe. Wengine huwauzia walanguzi mahindi yangali shambani, kwa bei ya kutupa. Mavuno yakifika, huwa haba au tayari ni mali ya mtu mwingine, na mwaka unaofuata huanzia palepale.

Wahenga walisema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Usemi huo ni kweli, na ndani yake limo tatizo lote: nguvu hizo huuzwa kwa bei ya chini kabisa katika majuma yaleyale ambayo zingezalisha zaidi nyumbani. Mkulima huyu anajua mbegu ipi inastahimili ukame wa kwao, mbuzi gani anazaa mapacha, na siku ipi gulio lina wateja. Kinachomfunga ni kukosa fedha ya kuvuka majuma ya njaa bila kuuza kesho yake.

Hapa ndipo ruzuku inapoingia. Katika Wilaya ya Mchinji nchini Malawi, ambako ruzuku ya jamii ilianza mwaka 2006, utafiti ulionyesha watu wazima wa kaya zilizolipwa wakipunguza vibarua vya mashambani, vinavyoitwa huko ganyu, na kuhamishia nguvu zao katika mashamba yao wenyewe. Kaya hizo pia zilinunua zana za kilimo na mifugo. Kazi haikupungua, ilibadilisha mahali, ikahama kutoka shamba la mwingine kwenda shamba la mwenye nguvu.

Kujikinga na kuwekeza

Matokeo ya majaribio ya TASAF yanaongeza jambo la pili. Vijiji 80 viligawanywa kwa bahati nasibu: 40 viliingizwa katika mpango na 40 vilisubiri. Walengwa walitambuliwa kwa ushiriki wa wanakijiji wenyewe, na malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, yakiambatana na masharti ya watoto kuhudhuria shule na kliniki. Tathmini ilipofanyika, kaya zilizolipwa zilionekana kuwa na mifugo zaidi, hasa mbuzi na kuku, na zilikuwa zimejiunga kwa wingi zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani bima ya matibabu.

Mambo hayo mawili, kuku na bima, yana uhusiano wa karibu. Katika kaya maskini ugonjwa mmoja huweza kumaliza banda zima, kwa kuwa mfugo ndio akiba inayouzwa haraka. Kaya iliyolipia matibabu mapema ina sababu ya kuacha kuku waatamie na mbuzi wazae. Ulinzi na uzalishaji, vitu ambavyo wapangaji wa sera huviweka katika mafungu tofauti ya bajeti, vijijini ni kitu kimoja. Mpango wa mwaka 2012 ulitambua jambo hili kwa kiasi pale ulipoongeza ajira za muda: siku 60 za kazi kwa mwaka, kwa ujira wa Sh 2,300 kwa siku, zilizokusudiwa kufanyika katika miezi ya upungufu wa chakula.

Nguvu ya kujua kesho

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kuhusu uhakika umetoka Kenya. Katika kaunti za Siaya na Bomet, shirika la GiveDirectly pamoja na watafiti wa uchumi, akiwamo Abhijit Banerjee, walipanga vijiji katika makundi. Watu wazima wa kundi moja waliahidiwa takriban senti 75 za dola ya Marekani kwa siku kwa miaka 12. Kundi jingine liliahidiwa kiasi hichohicho, lakini kwa miaka miwili tu. La tatu lilipewa karibu dola 500 kwa mkupuo. Fedha zilitumwa kwa simu, bila masharti.

Baada ya takriban miaka miwili, makundi mawili ya kwanza yalikuwa yamepokea karibu kiasi kilekile. Tofauti ilikuwa katika matarajio. Hata hivyo, waliohakikishiwa miaka 12 walifungua na kukuza biashara ndogondogo nyingi zaidi kuliko wale wa miaka miwili, na waliopewa mkupuo nao walifanya vizuri katika biashara. Wengi wa walioahidiwa muda mrefu walijiunga katika vyama vya kuchangishana kwa zamu, vile ambavyo Tanzania tunaviita upatu, wakayageuza malipo madogo ya kila mwezi kuwa kiasi kikubwa cha kuanzia shughuli. Upatu hauwezekani kwa mtu asiyejua kama mwezi ujao atakuwa na cha kuchangia. Ahadi ya muda mrefu iliwapa msingi wa kuaminiana, na kuaminiana kukazaa mtaji.

Zambia na Ghana zinatoa ulinganisho wa upande wa pili. Ruzuku ya watoto ya Zambia, iliyoanza mwaka 2010 katika wilaya za Kalabo, Kaputa na Shang'ombo, ililipwa kwa utaratibu kila miezi miwili bila masharti, na kaya zikaongeza mifugo, pembejeo na eneo lililolimwa. Mpango wa ruzuku wa Ghana uitwao LEAP, ulioanza mwaka 2008, ulikumbwa na malipo yasiyotabirika katika kipindi cha tathmini yake ya awali: miezi mingi ilipita bila fedha, kisha malimbikizo yakalipwa kwa pamoja. Tathmini haikuona ongezeko la matumizi ya kaya. Iliona madeni yakipungua na akiba ikiongezeka. Ni kweli kwamba kiwango cha LEAP kilikuwa sehemu ndogo zaidi ya mahitaji ya kaya kuliko kile cha Zambia, kwa hiyo tofauti yote haiwezi kubebeshwa ucheleweshaji. Lakini mwenendo wa kaya za Ghana ni wa busara kabisa. Mtu anayelipwa bila kujua lini atalipwa tena hulipa deni la dukani ili aweze kukopeshwa tena, na huficha kinachobaki. Hawezi kununua mbuzi ambaye huenda akalazimika kumuuza mwezi ujao.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba fedha za bure huleta ulevi na uvivu. David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 kuhusu matumizi ya pombe na tumbaku na hawakukuta ongezeko. Banerjee na wenzake walichunguza upya majaribio saba katika nchi sita na hawakuona watu wakipunguza kazi kwa utaratibu wowote. Madai haya hayana tena haki ya kuendesha sera.

Pingamizi la pili ni kupanda kwa bei. Katika jaribio jingine la Siaya, zaidi ya kaya 10,500 katika eneo la vijiji 653 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Bei zilipanda kwa takriban asilimia 0.1 tu, na kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa eneo kwa takriban dola 2.5. Kaya ambazo hazikupewa chochote nazo zilinufaika, kwa kuwa fedha ya jirani ilipita dukani kwao, kwa fundi wao na katika mashine yao ya kusaga.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: je, manufaa hudumu? Kaskazini mwa Uganda, vikundi vya vijana vilivyopewa fedha za kuanzisha ufundi mwaka 2008 vilikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 38 baada ya miaka minne. Baada ya miaka tisa, vijana wasiopewa walikuwa wamewafikia kwa kipato, ingawa waliopewa bado walikuwa na mali zaidi. Matokeo haya yanatufundisha kiasi katika ahadi zetu. Fedha inaharakisha safari ya kutoka katika umaskini. Barabara, masoko, maji na umeme ndivyo vinavyoamua safari hiyo ifike wapi. Lakini miaka kadhaa ya kula vizuri, kusoma na kumiliki mali katika maisha ya kijana si kitu cha kudharauliwa.

Hitimisho: ruzuku kama ahadi

Ikiwa hoja ya uhakika ni sahihi, mambo manne yanafuata. Kwanza, kalenda ya malipo itangazwe kila kijiji mwanzoni mwa mwaka, na siku za ucheleweshaji zihesabiwe na kutolewa hadharani kama zinavyotolewa takwimu za idadi ya walengwa. Pili, kalenda hiyo ifuate misimu ya eneo: malipo ya kabla ya kupanda na ya wakati wa palizi yana thamani kubwa kuliko yaleyale yanayofika mavuno yakiwa ghalani. Tatu, kaya ielezwe waziwazi itabaki katika mpango kwa muda gani na itatoka kwa vigezo gani, na ipewe nafasi ya kupokea sehemu ya ruzuku kwa mkupuo. Nne, viwango vipitiwe upya kulingana na bei. Nchini Kenya, kiwango cha Sh 2,000 kwa mwezi kimebaki kilekile kwa zaidi ya muongo mmoja. Malipo yanayofika kwa wakati huku thamani yake ikiliwa na mfumuko wa bei ni uhakika wa kupungukiwa.

Hayo yana gharama. Sehemu kubwa ya fedha za mpango wa Tanzania imetokana na mikopo na misaada ya nje, ikiwamo ya Benki ya Dunia, na tarehe za kijijini hutegemea tarehe za mbali. Ndiyo sababu bajeti ya ndani inapaswa kubeba angalau akiba ya kuziba pengo pale fedha za nje zinapochelewa. Serikali hulipa mishahara ya watumishi kwa mpangilio kwa sababu inajua maisha yamejengwa juu yake. Kaya maskini nayo, ikishaingizwa katika daftari, huanza kujenga maisha juu ya neno la serikali: hukopa mbegu, huacha kibarua, hujiunga na upatu. Malipo yanapochelewa, mbegu inadaiwa, shamba linaachwa na kikundi kinavunjika, na anayelipia ni yule tuliyesema tunamnusuru.